Goma: Taa ya mlango ni ya yule anayekuja nyuma

Goma, Kivu ya Kaskazini. – Katika inchi ya Kongo magari hupita upande wa kuume wa barabara. Lakini mjini Goma, magari mengi yanayobeba abiria yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, inchi ambako watu huendesha upande wa kushoto, na usukani wake uko kuume. Kila mkaaji wa Goma anajua jambo hilo. Amelizoea mpaka halioni tena.

Tofauti hiyo inaonekana wakati gari linaposimama. Dereva anashukia pembeni, upande wa mawe, salama. Abiria aliyeketi mbele anafungua mlango wa kushoto, na mguu wake wa kwanza unatua barabarani, pale pale pikipiki zinapopita. Mchana motari anaona mlango unaanza kufunguka, anapiga honi, anakwepa. Usiku, kwenye barabara isiyo na taa, anaona taa mbili nyekundu za nyuma ya gari na kuhesabu kwamba gari linaishia hapo. Mlango uliofunguka hauhesabu, kwa sababu hauoni.

Dereva mmoja wa taksi, mkaaji wa Ndosho katika komine ya Karisimbi, alifanya kazi miaka mingi bila kufikiri juu ya mlango huo. Gari lake ni Toyota ya zamani, rangi ya buluu iliyoiva. Alilinunua baada ya kuendesha gari la mtu mwingine na kumpelekea pesa yake kila jioni. Ndani kulikuwa na taa moja ya dari, ya manjano, dhaifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Chini ya milango miwili ya mbele kulikuwa na vioo vidogo vya taa, lakini ampule zake zilikufa zamani. Hakuna abiria aliyewahi kuziuliza.

Tangu Februari 2025, wakati makambi ya wahami wa vita pembeni ya mji yalipobomolewa, kazi yake ilibadilika. Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya: watu waliokuwa huko walibeba walichoweza kubeba. Wengine walirudi Sake, Masisi na Rutshuru, wengine walibaki mjini kwa jamaa. Tangu hapo anabeba familia zinazokwenda na kurudi: kuangalia shamba, kuona kama nyumba bado ina bati, kuchukua mtoto aliyeachwa kwa nyanya yake. Kutoka Goma mpaka Sake ni kama kilomita 25. Familia hizo hupenda kutoka kabla ya jua na mara nyingi hurudi giza likiwa limeingia, magunia juu, sufuria miguuni, watoto juu ya mapaja.

Ni katika kurudi namna hiyo ndipo jambo lilipotokea. Mama mmoja aliyeketi mbele, mtoto akiwa mgongoni, alifungua mlango wa kushoto karibu na Mugunga. Pikipiki ilikuwa inakuja nyuma. Motari alipinda usukani, akagusa ncha ya mlango kwa goti, akaanguka pamoja na mfuko wa unga aliokuwa amebeba. Mama hakuguswa. Mtoto hakuamka.

Watu walikusanyika, na kama kawaida, maneno yakawa mengi kuliko msaada. Dereva alimsaidia motari kusimama na kumwambia: «Pole, yaya. Lakini uliona gari limesimama.»

Motari alijibu akishika goti lake: «Papa shofere, gari niliiona. Mlango ndio sikuuona. Gari yako ni nyeusi, usiku ni mweusi. Ningeuona na nini?»

Dereva alilipa unga na dawa ya goti. Wengine walimwambia amelipa kosa la mama, wengine kosa la motari. Yeye mwenyewe alibaki na swali lile la mwisho. Hakuwa na jibu lake, kwa sababu jibu lilikuwa ile taa iliyokufa chini ya mlango.

Bei ya fundi na bei ya mikono

Asubuhi alipita garaji moja kuuliza bei. Fundi alitaja pesa ambayo ingemla kazi ya siku nne. Tangu benki za Goma zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, pesa ya kushika mkononi imekuwa adimu, na dereva anayelipwa franka mia mia hawezi kuamka siku moja na kutoa dola nyingi kwa ajili ya taa. Akaamua kununua vitu mwenyewe na kufanya kazi nyumbani, akisaidiwa na mtoto wa dada yake, kijana anayesomea umeme.

Walinunua vitu vichache: ampule za LED kwa ajili ya dari na milango, mita chache za waya mwembamba wa magari, fyuzi ndogo ndogo, skochi nyeusi ya umeme, na utepe mwekundu unaorudisha mwanga. Kijana alimkataza kununua kabla hajatoa zile za zamani na kuzipima. Taa ya dari ya gari lao hutumia ampule ndefu kama kidonge, yenye ncha mbili za chuma, na urefu wake ulikuwa milimita 31. Ziko pia za 36, za 39 na za 41. Inayozidi haiingii, na inayopungua inacheza kwenye vishikio vyake na kuzimika gari likiruka shimo. Za milango ni aina nyingine: zina kitako bapa cha kioo kinachochomekwa tu, na wauzaji huziita T10.

Kazi ilianza Jumapili mchana, gari likiwa limezimwa na funguo mfukoni. Jambo la kwanza lilikuwa batri: walifungua waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa, wakauweka mbali. Dereva alinung'unika kwamba saa na stesheni za redio zitapotea. Kijana alimjibu: «Mjomba, saa tutairegesha. Nyaya zikiungua hatuzirudishi.»

Kifuniko cha taa ya dari hakina skrubu. Kinashikwa na meno ya plastiki, na plastiki ya gari la miaka mingi huvunjika kama biskuti. Walifunga kitambaa kwenye ncha ya turnevisi bapa, wakasukuma taratibu upande mmoja, kikatoka. Ampule ya zamani wakaitoa kwa vidole, kwa kusukuma kishikio kimoja cha chuma upande. Mtu anayefanya hivyo taa ikiwa imetoka kuwaka ataungua vidole, kwa sababu ampule ya zamani hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto.

Waliweka ya LED, wakarudisha batri kwa muda, wakafungua mlango. Giza. Dereva alidhani ameuziwa kitu kibovu. Kijana alicheka, akaitoa, akaigeuza upande, akairudisha. Ikawaka nyeupe mpaka kwenye vikanyagio. Ampule ya zamani haijali umeme unaingilia upande gani, lakini LED ina upande wa chanya na upande wa hasi. Isipowaka mara ya kwanza, igeuzwe kabla ya kurudishwa kwa muuzaji.

Mlango wa kwanza

Kwenye milango walikubaliana kuanza na wa kushoto mbele, ule ulioangusha pikipiki. Kioo chake cha taa kilikuwa cha rangi mbili: sehemu nyeupe inayoangalia chini na sehemu nyekundu inayoangalia nyuma mlango unapofunguka. Waliomtengeneza gari huyo huko Japani walikuwa wamekwisha kufikiria mtu anayekuja nyuma, ingawa kule abiria wa mbele hushukia pembeni. Ilikuwa kazi ya dakika tano: kuondoa kioo, kufuta vumbi na kutu kwenye vishikio, kuchomeka T10 mpya, kugeuza ilipokataa kuwaka.

Mlango wa kushoto nyuma ndio uliowachukua mchana wote. Huo haukuwa na taa tangu kiwandani, na abiria wa nyuma naye hushukia barabarani. Ilibidi kupeleka nyaya mbili kutoka ndani ya gari mpaka mlangoni.

Kijana alimweleza mjomba wake jinsi umeme huo unavyotembea, kwa maneno ambayo dereva sasa huwaeleza wenzake. Katika magari mengi ya namna hiyo, chanya hukaa kwenye taa wakati wote, ikipitia fyuzi ambayo kwenye kisanduku cha Toyota huandikwa DOME. Kinachosubiriwa ni hasi. Kwenye nguzo ya mlango kuna kitufe. Mlango ukifungwa kitufe kinabanwa na njia inakatika. Mlango ukifunguka kitufe kinatoka, njia ya hasi inafika kwenye bodi ya gari, taa inawaka. Kwa hiyo taa mpya inahitaji chanya ya taa ya dari na waya wa kitufe cha mlango wake, basi. Haina haja ya swichi nyingine.

Nyaya zilipita ndani ya bomba la mpira lililo kati ya nguzo na mlango, lile linalokunjamana kila mlango unapofungwa. Walipaka sabuni ili ziteleze. Hawakuzivuta zikakaza: waliacha urefu wa ziada, wakafungua na kufunga mlango mara ishirini wakiangalia kama kuna mahali zinabanwa. Waya unaobanwa na mlango hukatika polepole, au ngozi yake huchubuka na kugusa chuma. Kwenye chanya waliweka fyuzi yake ndogo, karibu na pale walipochukua umeme.

Mambo mawili waliyachunga. Ndani ya mlango, nyuma ya ubao wa plastiki, kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa. Wengi huipasua na kuitupa wakidhani ni ya kiwandani tu. Kazi yake ni kuzuia maji: mvua inayoteremka kwenye kioo huingia ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini. Bila nailoni hiyo maji huingia ndani ya gari na juu ya nyaya. Waliibandika tena vizuri. Jambo la pili ni nyaya zenye ganda la manjano. Katika magari yenye mifuko ya hewa ya kulinda watu wakati wa ajali, manjano ni rangi ya nyaya za mifuko hiyo. Hizo hazikatwi, hazipimwi kwa taa, haziungwi kitu.

Ajali ya siku hiyo ilikuwa ndogo. Batri ikiwa imerudishwa kwa majaribio, ncha ya waya iligusa chuma cha mlango. Cheche moja, kisha taa zote za ndani zikazimika na saa nayo ikafa. Fyuzi ilikuwa imekatika, na ndiyo kazi yake. Jirani aliyekuwa akiangalia alileta kipande cha waya wa shaba: «Weka hii, Papa, haitakatika tena hata siku moja.» Kijana alikataa. Fyuzi isiyokatika ni waya unaoungua, na waya huo unapita chini ya viti vya watu. Waliweka fyuzi mpya yenye namba ile ile ya zamani, si kubwa zaidi.

Mlango wa kuume nyuma ulibaki bila taa, kwa kuwa nyaya zilikwisha na jua lilikuwa linazama. Kwenye kingo za milango yote minne walibandika utepe mwekundu, mahali panapoonekana kutoka nyuma mlango unapofunguka tu. Utepe huo hauna waya wala batri. Taa ya pikipiki ikiupiga, unarudisha mwanga machoni mwa motari.

Hesabu ya batri

Kuna jambo moja ambalo dereva huwaambia wenzake kwanza, kwa sababu linagusa mfuko. Batri yake imeandikwa ampea-saa 45. Ampule ya zamani ya dari ilikuwa ya wati 10 na ya mlango wati 5. Mlango mmoja ukiachwa haujafungwa vizuri usiku, hizo wati 15 kwenye volti 12 hula ampea 1.25 kila saa. Kwa saa kumi ni 12.5, zaidi ya robo ya batri mpya. Batri iliyochoka haiwashi gari asubuhi baada ya usiku kama huo, na watu wanaosukuma taksi saa kumi na moja alfajiri wanajua hivyo.

Ampule mpya mbili, za wati moja kila moja, hula kama ampea 0.17 kwa saa. Kwa usiku huo huo wa saa kumi ni 1.7 tu. Gari linawaka.

Rangi ya taa na bariyeri

Vijana wa mtaa walikuja na mashauri. Mmoja alitaka taa za buluu, mwingine zinazometameta kama za sherehe, mwingine alionyesha mkanda wa taa zinazobadilisha rangi kwa muziki. Dereva alikataa zote, akachagua nyeupe kwa ndani na nyekundu kwa nyuma.

Sababu yake si uzee. Barabara za jimbo zina bariyeri. Usiku, dereva mwenye busara anapokaribia bariyeri hupunguza mwendo mapema, huteremsha taa kubwa, huwasha taa ya ndani, huacha mikono juu ya usukani. Wanaolinda wanataka kujua jambo moja: ni nani aliye ndani. Taa nyeupe iliyotulia huonyesha mama, watoto, mzee mwenye fimbo, na maneno yanakuwa machache. Taa ya manjano iliyofifia iliwaacha watu wakiwa vivuli, na kila kivuli kilimulikwa tochi machoni. Taa ya buluu inayometameta, huko porini, inaweza kudhaniwa kuwa kitu kingine kabisa, na hakuna anayetaka kueleza tofauti yake akiwa ameshikwa kola.

Kile ambacho taa ilionyesha

Baada ya juma chache dereva aliona faida ambayo hakuitafuta. Familia zinazohama husahau vitu ndani ya magari, na mara nyingi ni vitu vidogo vyenye uzito mkubwa: kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongomani wengi ndiyo karatasi pekee ya kusema mimi ni nani, karatasi ya kliniki ya mtoto, funguo ya nyumba ambayo labda haipo tena. Zamani vitu hivyo vilianguka kati ya viti na kuonekana siku ya kufagia, mwenyewe akiwa amekwisha kwenda asikojulikana. Sasa, kabla ya kufunga mlango, mama anainama, anaangalia sakafuni, anahesabu mizigo, anahesabu watoto. Usiku mmoja mama mzee kutoka Masisi alipata kadi yake chini ya mkeka wa gari. Alikaa kwenye kiti dakika nzima akiwa ameishika kwa mikono miwili, na motari waliokuwa nyuma wakapita pembeni bila kupiga honi, kwa sababu waliuona mlango.

Dereva hasemi kwamba taa imemaliza hatari. Motari aliyekunywa haoni taa wala gari. Chukudu inayoteremka na mzigo wa makaa haina breki ya kutosha hata ikiona. Kwa hiyo ameongeza mazoea matatu yasiyonunuliwa. Anasogeza gari mpaka magurudumu ya kuume yaache lami. Anawaomba abiria wasubiri aangalie kioo kwanza, na kama kuna mtoto au mzee anashuka yeye mwenyewe kuufungua mlango. Na anamfundisha anayeketi mbele kufungua mlango wa kushoto kwa mkono wa kuume. Mkono wa mbali unapovuka kifua, mabega yanageuka, na macho yanaangalia nyuma yenyewe. Watoto wamelipokea haraka kuliko wazazi.

Kwenye maegesho wenzake watatu wamekwisha kumwomba kijana aje awasaidie. Anawaambia wote walete ampule za zamani mkononi, wafungue batri kwanza, na waanze na mlango wa kushoto. Mlango wa kuume nyuma wa gari la mjomba wake bado unasubiri mita mbili za waya. Mjomba anasema huo unaweza kusubiri: yule anayeshukia upande huo anashukia kwenye mawe, na mawe hayaji kwa mwendo.